Gari Lililoamshwa Mapema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bisibisi alikuwa akichota ndoo mbili za maji, akiosha vyombo, kisha akimpelekea shangazi yake chai chumba cha uani. Shuleni alikuwa na jina lingine, zuri tu, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Shangazi ndiye aliyembandika hili la Bisibisi tangu akiwa na miaka minne, siku alipokutwa ameifungua redio ya jirani na kuvitandaza vipande vyake vyote mkekani. Alipoulizwa ataifungaje, alijibu kwamba kufunga ni kazi ya watu wazima. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na bado hakuweza kupita mbele ya kitu kilichofungwa bila kutamani kujua ndani kuna nini.

Shangazi alikuwa fundi magari, tena si fundi wa kubahatisha. Madereva walifunga safari kumletea magari yaliyowashinda mafundi wengine. Lakini mwezi uliopita jeki iliteleza, mguu ukavunjika, na sasa alilazwa chali kitandani, mguu umefungwa plasta nyeupe kuanzia gotini. Kwa kuwa hakuwa na injini ya kuigombeza, aliwagombeza wapita njia kupitia dirisha.

Asubuhi ya Ijumaa moja Bisibisi alimkuta baba yake ameketi kwenye kizingiti cha mlango, mikono katikati ya magoti. Hapo ndipo alipokuwa akishinda kwa wiki tatu sasa. Baba alikuwa dereva. Kwa miaka tisa alipeleka masanduku ya dawa na chanjo kwenye zahanati za milimani kwa gari lake mwenyewe, gari kuukuu la kupandia milima, lile ambalo magurudumu yote manne husukuma. Kisha mto ukafurika. Baba aliruka akaogelea mpaka ukingoni, gari likaenda na maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Basi, hakuna la zaidi. Zamani baba asingeweza kuitikia salamu bila utani. Angemwuliza kama leo ameacha jirani na redio yake, na wangecheka wote wawili. Sasa hata chai aliyowekewa pembeni ilipoa mpaka nzi wakaizoea.

Sababu ilijulikana na kila mtu nyumbani. Mkuu wa stoo ya dawa alikuwa amemwambia baba waziwazi: Jumatatu saa mbili asubuhi, gari liwe limesimama mbele ya ofisi. Lisipokuwepo, kazi anapewa mwingine. Kiwanja alichoachiwa na babu kilikuwa kimeshauzwa, na bado hakikutosha. Kilichobaki cha kuuza ndani ya nyumba kilikuwa cherehani ya mama, na mama alikuwa fundi wa nguo. Kila mara Bisibisi aliposikia cherehani hiyo ikilia chumba cha mbele, alijiuliza itabaki siku ngapi.

Jioni hiyo baba alirudi kutoka mjini anakimbia, jambo ambalo si la mtu wa umri wake. "Nimelipata!" alisema kabla hajavua viatu. "Gari kama lile lile langu. Kuukuu, lakini linang'aa. Mwenyewe ameniambia twende kesho saa moja asubuhi tukalione."

Walikusanyika wote chumbani kwa Shangazi. Shangazi alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Nani atakwenda kulikagua?"

"Mimi, bila shaka."

"Wewe kaka nakuheshimu, lakini hutumwi. Mwenye shida haoni kutu."

"Dada, nimeendesha miaka ishirini!"

"Na mimi nakula miaka arobaini, lakini nikiingia jikoni mnalala na njaa. Kuendesha ni kwako, matumbo ya gari ni kwangu." Akageuza shingo. "Bisibisi, njoo hapa. Kesho wewe ndiye macho yangu."

Bisibisi alihisi amerefuka ghafla. Alikuwa akimshikia Shangazi tochi gerejini tangu darasa la tatu, na majina ya vyuma aliyajua kuliko majina ya milima. Shangazi alimfundisha mpaka kiza kilipoingia. Kijiti cha kupimia oili kichomolewe na oili iangaliwe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Aingie chini ya gari aigonge chasisi kwa nyundo ndogo, kwani chuma kizima hulia, na kutu iliyozibwa na kupakwa rangi haitoi sauti. Kigia kifupi cha kuamsha magurudumu ya mbele kijaribiwe kwenye matope, si kwenye lami.

"Lakini hayo yote ni ya pili," Shangazi alisema. "La kwanza ni kiganja chako. Gari likilala usiku kucha, asubuhi halijui kudanganya. Likishapashwa moto, magonjwa yake yanajificha. Kwa hiyo msifike saa moja, fikeni mapema. Salamu hazijaisha, wewe weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa baridi, endelea. Ikiwa ya moto, au hata vuguvugu, mwambie baba yako muage, mrudi nyumbani."

"Hata kama baba anataka kuendelea?"

"Hata akipiga magoti. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

Jumamosi walifika saa kumi na mbili na nusu, jua halijachomoza. Mwenye gari tayari alikuwa nje, amevaa koti na kofia, anafuta vioo kwa kitambaa. Majirani walimwita Bwana Hakuna Neno, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. "Mmewahi! Hakuna neno, hakuna neno, karibuni," alisema, akampa baba mikono yote miwili.

Na gari lenyewe, jamani! Jeupe, pana, limeinuka juu ya magurudumu manene, na huko nyuma lina ngazi ndogo ya kupandia kwenye keria. Baba alilizunguka mara moja, kisha mara ya pili. Alipitisha mkono wake mlangoni kama anayempapasa mtoto wake aliyepona homa. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko chake chenyewe, kile cha zamani, kilichoanzia tumboni, na Bisibisi alikuwa hajakisikia kwa wiki tatu.

Naye Bisibisi alikuwa amesimama mbele ya gari, kiganja kimelala juu ya boneti. Boneti ilikuwa ya moto.

Haikuwa vuguvugu la kubishaniwa. Ilikuwa ya moto, kama sufuria iliyotoka kuepuliwa muda si mrefu. Alikiondoa kiganja, akakirudisha.

"Vipi, mhandisi wangu?" baba aliita kutoka upande wa pili. "Ni baridi?"

Bisibisi alimtazama. Baba alikuwa bado anacheka, meno yote nje, ameegemea gari hilo kama limeshakuwa lake. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Alijua akilitamka, uso ule utafungika, baba atarudi kukaa kizingitini, na Jumatatu itafika hivyo hivyo.

"Baridi, baba," alisema.

Hivyo tu. Maneno mawili, na yakatoka kwa urahisi. Baada ya hapo alifanya kazi kwa bidii ya mtu anayetaka kulipia kosa. Alichomoa kijiti cha oili, oili ilikuwa safi. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, akagonga chasisi kuanzia mbele mpaka nyuma, chuma kikalia vizuri. Waliingia kwenye matope nyuma ya soko, kigia kifupi kikashika, magurudumu yote manne yakasukuma. Injini iliwaka kwa mguso mmoja na haikutoa moshi. Labda hakuna ubaya, Bisibisi alijiambia. Labda mtu huyu alitoka nalo dukani asubuhi. Watu huenda dukani.

Walikubaliana kukutana kesho yake saa tatu kwa mwenyekiti wa mtaa, walipane na kuandikiana mbele ya shahidi.

Nyumbani Shangazi alimngoja kwa hamu. Aliuliza jambo moja moja, na Bisibisi alijibu. Kwenye boneti Shangazi alimkazia macho. "Kiganja kilisemaje?"

"Baridi," alisema Bisibisi. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, na alijifanya anakuna mguu ili asimtazame.

"Likalala baridi, likawaka kwa mguso mmoja, bila moshi?" Shangazi alipumua. "Basi injini hiyo ni nzima. Kaka, nunua. Nimeridhika."

Saa tisa mchana wanaume wawili walikuja kuchukua cherehani. Mama aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akatia tone la mafuta mahali pa sindano, akawaonyesha mnunuzi na mwenzake namna ya kuibeba isije ikajigonga. Hakulia. Ilipokwisha kutolewa alichukua ufagio akafagia mahali ilipokuwa, palipobaki na alama nne za miguu yake sakafuni. Bisibisi alisimama mlangoni na kusema, "Mama." Mama akaitikia, "Abee?" Bisibisi akasema, "Hakuna kitu," akakimbilia uani.

Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Cherehani ilitoka kwa neno lake. Fedha za kiwanja cha babu zingetoka kesho kwa neno lake. Kama gari lile ni bovu, nyumba nzima ingebaki mikono mitupu, na baba angekwama milimani na masanduku ya chanjo, barafu ikiyeyuka. Alitaka kusema. Kila alipofungua mdomo aliona watu wanacheka: baba anapiga mluzi, Shangazi anatania, hata mama anatabasamu kidogo anapokata mboga. Chakula kilimshinda. Akasingizia tumbo, akapewa maji ya moto anywe, na maji hayo yakamchoma roho kuliko ulimi.

Jumapili saa tatu, ofisi ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa imefunguliwa kwa ajili yao. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vinne na kabati lisilofungika. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bwana Hakuna Neno alikuwa ameliegesha gari lake jeupe nje ya dirisha, likionekana lote. Bisibisi alikaa pembeni ya baba, kwani baba mwenyewe alisema mkaguzi hawezi kukosa siku ya ushindi.

Mwenyekiti aliisoma karatasi kwa sauti. "Mnunuzi anakiri kwamba amelikagua gari na kuridhika. Ni kweli?"

"Kweli kabisa," alisema baba, akaishika kalamu.

"Baba, usiandike."

Wote watatu waligeuka. Bisibisi alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Boneti ilikuwa ya moto," alisema. "Jana. Nilikudanganya. Nilimdanganya na Shangazi. Ilikuwa ya moto sana."

Baba alimtazama kama mtu anayeamshwa usingizini na kuambiwa nyumba inaungua. "Mwanangu, una hakika? Labda ni jua tu lilikuwa limeipiga."

"Jua lilikuwa halijatoka, baba."

"Ah, hakuna neno!" Bwana Hakuna Neno aliingilia, anacheka. "Mimi niliwasha gari niwasubiri, basi. Ni heshima kwa mgeni. Mtoto naye anakuza mambo. Andika, bwana, nina mnunuzi mwingine saa saba."

Na hapa ndugu msomaji usimhukumu baba haraka. Kalamu haikutoka mkononi mwake. Jumatatu ilikuwa kesho. Bisibisi aliiona ncha ya kalamu ikielea juu ya mstari, ikishuka, ikisimama. "Kazi yangu," baba alisema polepole, kama anaongea na karatasi. "Bila gari hili kesho sina kazi. Mnanielewa? Sina kitu kingine."

Ni mwenyekiti aliyeikunja karatasi. "Ubishi wa nini na dawa yake ni rahisi? Gari limeshafika hapa. Nipe ufunguo, bwana. Likae mpaka saa kumi jioni, lipoe kabisa, kisha liwashwe mbele yetu sote. Likiwaka vizuri, ataandika na mtoto atakuomba radhi. Kama ni zima, una hasara gani?"

Bwana Hakuna Neno alifungua mdomo kusema neno lake, likakataa kutoka. Akautoa ufunguo.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko muhula mzima wa shule. Baba alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, macho kwenye gari. Bisibisi alikaa mwisho wa benchi hilo hilo, na kati yao palikuwa na nafasi ya watu wawili. Alitamani agombezwe, apigiwe kelele, chochote kile. Saa nane mwenye gari alikuja akisema gari linaungua jua, aliwashe kidogo alisogeze kivulini. Mwenyekiti alijibu bila kuinua kichwa, "Kivuli kina miguu, kitalifuata chenyewe."

Saa kumi kasoro Shangazi aliwasili juu ya mkokoteni, mguu wa plasta umetangulia mbele, mama akisukuma na Shangazi akitoa maelekezo ya namna ya kukwepa mashimo. Watu walioanza kucheka waliacha walipomwona uso. Alikuwa ameambiwa yote. Alimtazama mpwa wake mara moja, akaomba mkokoteni uegeshwe karibu na bomba la moshi.

Kivuli kilikuwa kimeshalifunika gari, na mwenyekiti akagusa boneti. Baba akaigusa. Baridi. Bwana Hakuna Neno akaingia, akazungusha ufunguo.

Stata ililia nye-nye-nye-nye, ikachoka. Akapumzika, akazungusha tena. Mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya sita injini ilishtuka ikawaka, gari zima likatetemeka, na bomba likatoa moshi wa bluu uliomfunika Shangazi na mkokoteni wake. Kutoka ndani ya moshi watu walisikia chuma kikigonga ko, ko, ko, ko, na Shangazi akikohoa.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima kabla haijafa mbele ya mashahidi!"

Moshi ulipopungua alieleza kwa sauti ya uchovu. Injini hiyo ilikuwa imeliwa ndani kwa ndani. Ikiwa baridi, pistoni zinacheza na kugonga, na oili inapita na kuungua. Ikipata moto, chuma kinatanuka, nafasi zinabana, kelele zinanyamaza. "Ungelala nalo mlimani usiku mmoja tu wa baridi, kaka. Asubuhi ungewasha mpaka betri ife, na chanjo za watoto zikiharibika nyuma yako."

Bwana Hakuna Neno alishuka, akakaa kwenye ngazi ya ofisi, kofia mkononi. "Na mimi niliuziwa likiwa na moto," alisema.

"Kumbe uchungu wake unaujua," mwenyekiti alimwambia, "na bado ukataka kumpa mwenzio." Akaichana karatasi vipande vinne.

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba akisukuma mkokoteni. Fedha zilikuwa salama mfukoni mwa baba, lakini hakuna aliyefurahi. Kesho ilikuwa Jumatatu na gari hakuna. Walipofika njia panda, Shangazi aliomba asimamishwe apumzishe mgongo, na hapo ndipo baba alipogeuka.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulijua. Ulifundishwa. Kwa nini ulisema baridi?"

Bisibisi alitazama vidole vyake vya miguu. "Ulikuwa unacheka, baba."

Kisha akaongeza:

"Ulikuwa hujacheka tangu mto uchukue gari. Nikaona nikisema ya moto, utaacha."

Baba aliiachia mipini ya mkokoteni. Akakaa chini pale pale barabarani, kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumapili, akafunika uso. Mama alitazama pembeni. Kisha baba alimvuta Bisibisi kwa mkono akamkalisha karibu naye. "Nisamehe," alisema. "Mzazi anayemfanya mtoto aogope kumpa habari mbaya, naye ana kosa."

"Hata mimi nimo," Shangazi alisema kutoka mkokoteni. "Nilidhani namtuma asiye na shida. Kumbe shida ya nyumba wanalala nayo wote, mpaka watoto. Lakini wewe Bisibisi usidhani umepona. Uongo wako umetuuza cherehani na nusura utuuze sisi."

"Naomba radhi, Shangazi. Naomba radhi, mama."

Mama alimfuta machozi kwa upindo wa kanga ile ile aliyofutia cherehani. "Umesema kabla ya kalamu," alijibu. "Inuka twende."

Jumatatu baba alikwenda kwa mkuu wa stoo ya dawa kwa miguu. Aliondoka alfajiri na uso wa mtu anayekwenda kuzika. Shuleni Bisibisi hakusikia hata somo moja, na mwalimu wa hesabu alimwuliza mara mbili kama anaumwa. Aliporudi alimkuta baba amesimama uani. Amesimama, hajakaa kizingitini.

"Nilimweleza kila kitu," baba alisema. "Gari, moshi, mpaka kiganja chako. Nikamwambia sina gari, afanye anavyoona." Mkuu yule akasimulia kwamba mwaka uliopita dereva mmoja alimletea gari la kung'aa, likafia njiani safari ya tatu, na alilazimika kuzitupa chanjo za watoto mia mbili kwa mikono yake mwenyewe. Tena daraja la kupandia milimani lilikuwa bado linatengenezwa, kwa hiyo kwa wiki mbili zijazo dawa zote zingeishia zahanati ya chini. "Ameniambia, 'Nakupa hizo wiki mbili. Lakini nataka gari lililokaguliwa na huyo mtoto akiwa anasema kweli.'"

Siku ya kumi na moja walilipata lingine, la mwalimu mstaafu. Lilikuwa baya kwa sura, tuseme ukweli: rangi ya kijani imebanduka, mlango wa nyuma umefungwa kamba, kioo cha kushoto hakishuki. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeanza kutaja ila zake kabla hajaulizwa, kisha akawaacha wakague, akaenda kumwagilia bustani. Shangazi alikuwepo, kwa magongo, lakini kuingia chini bado hakuweza. Boneti ilikuwa baridi. Injini ililalamika kidogo, ikawaka mara ya pili, moshi mwembamba ukapita na kwisha. Baba alisikiliza mlio wake, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni.

Bisibisi alikuwa chini ya gari na tochi. Nyuma ya gurudumu la kulia aliona unyevu mweusi. Akaugusa, akaunusa. Alilala pale kwa muda, mgongo kwenye kokoto, anamsikia baba yake anacheka juu yake.

Akajivuta akatoka. "Baba, linavuja. Gurudumu la nyuma kulia. Oili imefika mpaka kwenye breki."

Kicheko kilikatika. Uso wa baba ulishuka, kama alivyojua utashuka, lakini Bisibisi hakuinamisha kichwa.

"Umeona vizuri?"

"Nimeona, nimegusa, nimenusa."

Baba alishusha pumzi ndefu. Kisha akamwekea mkono kichwani. "Ahsante, mwanangu," alisema, na alimaanisha.

Shangazi alichechemea mpaka kwenye gurudumu, akapitisha kidole, akakitazama. "Sili imekufa, ule mpira unaozuia oili isitoke. Kazi ya nusu siku, na breki tunaziosha. Tumwambie mwalimu, apunguze kidogo, tulichukue." Akampa Bisibisi kidole kile chenye oili akione. "Gari kuukuu lisilo na ila halipo, na ukiambiwa lipo, kimbia. Ila uliyoambiwa ni kazi ya fundi. Ila uliyofichwa inakungoja mlimani. Ukimpenda mtu, mwambie yote mawili, ya kumchekesha na ya kumnunisha, halafu ukae naye mtengeneze."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ndiyo nini? Umekagua upande wa kulia tu. Rudi chini."